Kikombe cha Leach Pottery, St Ives: mwezi wa tatu huu nakinywea chai

Jamani kama upo Uingereza na unapenda vyombo vya udongo, panda treni mpaka St Erth, pale ubadilishe uchukue kile kitreni kinachopita kandokando ya bahari mpaka St Ives, halafu ukaze mguu kupandisha barabara ya Stennack mpaka Leach Pottery, karakana ya ufinyanzi. Mimi nilienda kutembea tu nikarudi na kikombe.

Hiyo karakana aliianzisha Bernard Leach mwaka 1920, Mwingereza aliyezaliwa Hong Kong akajifunza ufinyanzi Japani, akaja na rafiki yake Hamada Shoji, mfinyanzi Mjapani. Wakajenga tanuru la kuni la vyumba, kila chumba juu kidogo ya mwenzake ili moto upande wenyewe, na ndio la kwanza la aina hiyo huku Magharibi. Baadaye Mjapani mwingine, Matsubayashi, akalijenga upya likawa la vyumba vitatu, na hilo bado lipo, nilisimama hapo mpaka wenzangu wakaniacha.

Wajapani wana neno mingei, yaani uzuri wa chombo cha kawaida alichofinyanga fundi asiyeandika jina lake, bakuli la kulia wali basi. Na mimi hiki kikombe nimekielewa kwa kukitumia. Glezi yake, yaani ule mng'ao wa juu unaoiva tanuruni, ni tenmoku, nyeusi yenye chuma, ila pale mdomoni inapokuwa nyembamba inageuka rangi ya kutu, na chini inakomea kabla ya kitako kwahiyo vidole vinagusa udongo mtupu. Mkono wake unashikika vizuri sana, mdomo mnene kiasi, chai ya tangawizi naimaliza bado ina moto. Kizito kidogo, mi napenda. Tafadhali usikifungie kabatini kusubiri wageni kama walivyofanya mama zetu na vile vya maua!

Kilichonigusa zaidi ni kwamba hii njia imefika mpaka kwetu. Michael Cardew, mwanafunzi wa Leach, alienda kuanzisha kituo cha ufinyanzi Abuja ya zamani (leo Suleja), Nigeria, na hapo ndo mfinyanzi Magdalene Odundo wetu, mzaliwa wa Nairobi, alienda miaka ya 70 akajifunza kujenga mtungi kwa mkono kwa Ladi Kwali, mfinyanzi wa Nigeria, bila gurudumu, vilevile kama bibi zetu.

Bei si ya sokoni lakini kinafinyangwa kimojakimoja. Ukifika usikimbilie dukani, ingia kwanza kwenye makumbusho, kaa kidogo karibu na lile meko la zamani la wafinyanzi, ndo uende ukachague.