Darasa la kufuma Upanga: rangi na misokoto ni hodari, lesi bado

Darasa hili la kufuma kwa sindano, linaloendeshwa sebuleni kwa mwalimu mwenyewe katika mtaa mmoja wa Upanga, Dar es Salaam, linamfaa mtu ambaye tayari anaweza kufuma sweta la mtoto la kawaida na anataka kuongeza ujuzi wa rangi, misokoto (vitanzi vinavyopishanishwa vikaonekana kama kamba iliyosokotwa) na lesi (ufumaji wa matundu ya mapambo). Asiyewahi kushika sindano atapotea, na mwalimu humwambia hivyo kabla ya kupokea ada yake, jambo ambalo ni la kiungwana.

Sehemu ya rangi ndiyo iliyoshiba. Mtindo unaofundishwa ni ule wa Fair Isle, kisiwa kidogo kati ya visiwa vya Shetland huko Uskoti, ambao kwa desturi hauchanganyi rangi zaidi ya mbili katika mstari mmoja, hata kama nguo nzima ina rangi nyingi. Uzi unaosubiri zamu yake hupita nyuma ya kazi. Ukivutwa mno, kitambaa hujikunja na ua huharibika. Kwa sababu hiyo mwalimu haanzi kukagua mbele, bali hugeuza kazi na kupitisha kidole chini ya nyuzi za nyuma, na kidole kikikwama husema, "Dada, tandaza kwanza vitanzi kwenye sindano ya kulia, ndipo ubadili rangi." Uzi unaovuka vitanzi zaidi ya vitano hivi hutaka ushikizwe katikati kwa kuzungushwa na mwenzake, ili mtoto asinase vidole wakati wa kuvalishwa.

Misokoto inafundishwa haraka, lakini vizuri. Badala ya sindano fupi ya kuhamishia vitanzi, tulipewa vijiti vya mishikaki vilivyopigwa msasa, navyo vinatosha kabisa: vitanzi vikishikiliwa mbele, msokoto huelekea kushoto, vikishikiliwa nyuma, huelekea kulia. Pia tulionywa mapema kwamba misokoto hubana upana wa nguo, hivyo vitanzi vya kuanzia lazima viongezwe.

Sivyo ilivyo kwa lesi. Hesabu yake inaelezwa sawasawa, kwamba kila tundu linalotokana na kuzungusha uzi kwenye sindano huongeza kitanzi kimoja, na lazima vitanzi viwili viunganishwe mahali fulani ili idadi isibadilike. Tatizo ni uzi wa akriliki, yaani uzi wa sintetiki, unaotolewa darasani. Lesi hufunguka pale kazi inapoloweshwa, ikanyooshwa, ikabanwa kwa pini na kuachwa mpaka ikauke. Sufu hushika umbo hilo, ilhali akriliki ikishakauka hurudi ilivyokuwa, na ikipigwa pasi ya moto hulegea moja kwa moja. Matokeo yake, mwanafunzi huondoka na kitambaa kilichosinyaa akidhani mkono wake ndio mbaya. Katika nchi inayolima pamba Simiyu na Shinyanga, na katika jiji lenye joto kama hili, sioni kwa nini somo hilo lisifanyiwe kwenye uzi wa pamba, ambao hunyooshwa ukatulia kuliko akriliki na huvalika bila kumchemsha mtu.

Ada inalipwa kwa awamu, nayo ni ya haki. Anayejiandikisha anunue mwenyewe uzi mwembamba wa pamba kwa ajili ya lesi na aende nao. Mwalimu hakatazi, ingawa fedha ya vifaa haipunguzwi.