Albamu ninazopimia spika kibandani kwangu Kilombero

Mi ni fundi wa spika na redio hapa Arusha, kibanda changu kiko jirani na soko la Kilombero, na haipiti wiki bila mtu kusimama mlangoni akauliza, fundi, huo ni muziki gani unapiga? Nimejibu kipande kipande mpaka nimechoka, leo naandika yote. Sipimii spika kwa bongo fleva. Naipenda, na nyumbani inalia kila siku, ila nyingi siku hizi sauti imeshabanwa huko huko studio, kila kitu kiko juu mwanzo mwisho, unaweza ukaiweka kwenye sabufa iliyochanika koni, ule uso wa karatasi unaotetemeka, na mwenye nayo akaondoka na furaha yake. Mi nataka muziki unaosema ukweli wa spika. Ndo nilivyoingia kwenye hizi albamu za watu wa majaribio na hao wanaoitwa indie, yani watu wanaotoa kazi kwa lebo ndogo, kampuni za kutoa muziki, au kwa hela zao wenyewe, hawamuulizi mtu wa redio wimbo uwe dakika ngapi. Nilianza kwa sababu ya kazi, sasa hivi nazisikiliza hata usiku nikishafunga.

Namba moja ni Congotronics ya Konono No 1, hiyo sibishani na mtu. Ilitoka 2004 kwa Crammed Discs, lebo ya Ubelgiji, lakini bendi ni ya Kinshasa, na mzee wao Mingiedi alikuwa anapiga likembe, kile kiboksi chenye vijiti vya chuma unavipiga kwa vidole gumba. Sasa Kinshasa mji wa kelele, likembe peke yake nani ataisikia? Mzee akachukua sumaku za kwenye vyuma vya magari mabovu akaunda maiki zake mwenyewe, akazifunga kwenye likembe, akapitisha kwenye amplifaya mpaka kwenye zile spika za mdomo wa tarumbeta. Mtu ambaye hajawahi kusuka koili, ule waya unaozungushwa ndani ya spika, sijui kama ataelewa nilivyojisikia siku niliyoijua hiyo habari. Sumaku na waya, basi, mi navishika kila siku, vingine navitupa kwenye ndoo, na kuna mtu alivichukua akajenga navyo bendi. Sauti ikatoka inakwaruza. Na hapo ndo ukubwa wake, hakuhangaika kuuondoa mkwaruzo, aliupa nafasi yake kwenye ngoma, ukitega sikio vizuri unausikia unaingia kwa mapigo kabisa kama kayamba.

Kuna jamaa alileta spika mbili za baa yake, inchi 15, koili zote zimeungua. Nikasuka upya, nikabandika koni, gundi ikalala usiku kucha, asubuhi kaja nikamwekea Konono. Kasimama kakunja uso. "Fundi, mbona bado inakwaruza?" Nikamwambia kaka huo mkwaruzo ni wa kwao, sio wa spika yako. Hakuniamini, na namwelewa, hela yake ile. Nikabadilisha nikaweka Hukwe Zawose, spika zile zile waya zile zile, ikatoka safi unasikia mpaka ukucha unavyogusa chuma. Nikarudisha Konono. Safari hii akakaa kwenye benchi, kama dakika nane hivi hakusema kitu, mguu tu ndo ulikuwa unagonga chini. Wakati wa kulipa akaniomba nimwandikie jina la bendi nyuma ya risiti.

Huyo Zawose ndo namba mbili yangu na inaniuma kweli kukuta machalii wa Chuga, yani Arusha, wanajua kila msanii wa Marekani na hawajawahi kumsikia Mgogo wa kwao. Albamu ninayoipenda ni Chibite, ya 1996, ilitoka kwa Real World ya Uingereza. Mzee aliishi Bagamoyo, akafariki 2003. Anapiga ilimba, ndugu yake yule likembe wa Kongo, lakini ilimba yake ni kubwa, vyuma vingi, vingine havipigwi kabisa vipo tu vitetemeke vyenyewe vinapopigwa wenzake. Afu kwenye boksi kuna tundu linazibwa na utando wa buibui ili sauti iwe na mvumo wa nyuki ndani yake. Yani Wagogo waliutengeneza mkwaruzo kwa buibui kabla hata ya umeme. Na sauti ya mzee mwenyewe, anashuka chini mpaka spika ndogo inashindwa kumfuata, halafu ghafla yuko juu kama mtoto. Ukiwa na twita, kile kispika cha sauti nyembamba, iliyokufa utamsikia nusu mtu.

Kuna nyingine alifanya na Mkanada mmoja mpiga gitaa, Michael Brook, inaitwa Assembly, ya 2002. Watu wa nje wanaisifu. Mi sijaikataa, kuna sehemu gitaa na zeze vinazungumza vizuri tu, lakini kwa masikio yangu studio imemfunika mzee, kuna besi na mashine pale ambapo nilitaka kusikia pumzi yake. Anayetaka kumjua Zawose asianzie hapo.

Sasa nije upande wa pili kabisa, Colossal Youth ya Young Marble Giants, 1980, lebo ya Rough Trade. Hawa ni wa Cardiff, kule Wales, ndugu wawili na dada mmoja anaimba, Alison Statton, na ndo albamu pekee ya studio waliyowahi kufanya. Hawana mpiga ngoma. Wana mashine ya ngoma ya kutengenezwa nyumbani, na aliyewatengenezea ni binamu yao. Inagonga tk, tk, tk, kidogo sana, gitaa kavu, kinanda kidogo, na dada anaimba kama anaongea na mtu aliyekaa pembeni yake, hanyanyui sauti hata mara moja. Hii naitumia kupima amplifaya inayovuma, kwa sababu katikati ya nyimbo kuna ukimya mwingi, na kwenye ukimya ndo mvumo unajitokeza, kama ethi, waya wa kwenda ardhini, haijakaa sawa utajua sekunde ya kwanza. Ila sio kazi tu. Kuna Jumapili mvua imekaa Meru kutwa nzima, nimefunga kibanda, nimeisikiliza mara tatu mfululizo, na kila mara nilikuwa nasubiri kitu kikubwa kitokee na hakitokei, na mwisho nikagundua sijachoka hata kidogo. Mtu kuacha nafasi hivyo anahitaji moyo. Vijana wengi wanaoniletea biti zao niwapimie wanajaza kila tundu.

Kuhusu Sounds of Sisso sitasema mengi maana dogo anayenisaidia kibandani ndo mwenye nayo, angeandika yeye. Ni mkusanyiko wa singeli, ule muziki wa kasi wa mtaani, za studio ya Sisso ya Mburahati, Dar, ilitoka 2017 kwa Nyege Nyege Tapes ya Kampala (jina lisikushtue, kwa Waganda linahusu hamu ya kucheza). Singeli zinakwenda mapigo 200 mpaka karibia 300 kwa dakika na kwenye hii wamezikamua mpaka tone la mwisho. Msanii mmoja humo ndani, Bamba Pana, ni hatari. Mi nikifika wimbo wa tano wa sita naomba mapumziko, sifichi, umri na masikio. Ila kwa kupima kama koni inarudi haraka sijaona kinachoizidi, spika mvivu inageuza zile ngoma zote kuwa uji. Na nampa heshima dogo kwa jambo moja, yeye ndo alinionyesha kwamba vile vinanda vyembamba vinavyopiga kelele vina asili ya mchiriku na taarabu, wameviongezea mwendo tu. Nikakumbuka vinanda vile vidogo vya betri vya mchiriku, nimeshavirekebisha vingi.

Za nyumbani sasa. Maasai Hip Hop ya X Plastaz, 2004, hawa ni wetu kabisa wa Arusha na albamu ilitolewa na lebo ndogo ya Ujerumani, OutHere. Kama hujawahi kuisikia, rap ya Kiswahili cha mtaani huku kwetu imekaa juu ya uimbaji wa Kimaasai wa mwenzao Merege, ile ya kooni, na haijabandikwa kama pambo, ndo inayobeba wimbo. Kuna nyimbo nyingine zimezeeka, biti unasikia kabisa ni za miaka ile. Lakini siku moja yeyo mmoja, mama wa Kimaasai, alileta redio yake ya betri, nikawa napiga hii kwenye spika kubwa, akasimama na mzigo wake wa maziwa kichwani hajautua, anamfuatisha Merege polepole kwa mdomo. Akaniuliza, "Mwanangu, huyu ni wa wapi?" Nikamwambia wa hapa hapa yeyo. Akacheka akasema alijua tu. Sina cha kuongeza hapo.

Kwa wenye iafoni nzuri za kuweka masikioni, Peel ya KMRU, ya 2020, Editions Mego. Huyu ni Joseph Kamaru wa Nairobi, mjukuu wa yule Joseph Kamaru mwingine mwimbaji mkubwa wa Kikikuyu, wanagawana jina. Lakini mjukuu haimbi. Anarekodi mazingira, anayapika na sauti za mashine mpaka hujui tena kama unasikia upepo, gari kwa mbali au kinanda. Nyimbo ni sita tu, na ya mwisho inayobeba jina la albamu inapita dakika 20. Hii usiijaribu sokoni, honi za boda zitaimeza yote, na kwenye spika ya simu hutasikia kitu, utadhani jokofu linaunguruma chumba cha pili. Mi naisikiliza saa tano usiku, taa nimezima. Ina tabia moja, inabadilika bila wewe kuona inabadilika, unashtuka tu uko mahali pengine.

Kuzipata: karibu zote ziko Bandcamp, tovuti ya kuuzia muziki, na unaweza kusikiliza kabla hujalipa, na kwa zile lebo ndogo afadhali ununue huko maana wanaishi kwa hiyo. Kwa wasio na kadi ya benki ile kadi ya mtandaoni ya kwenye simu inakubali, mi ndo ninayotumia. Shusha faili kubwa, sio ile iliyobanwa, hata kama bando litalia.

Nimeiacha ya mwisho makusudi, The Disintegration Loops ya William Basinski, Mmarekani aliyekuwa akiishi New York wakati huo. Alikuwa na tepu za zamani alizorekodi miaka ya 1980, vipande vifupi vimeungwa duara, 2001 akaanza kuzihamishia kwenye dijitali. Wakati zinazunguka, ule unga wa tepu ukawa unabanduka, kila duara sauti inapungua kidogo, na yeye badala ya kuzima akaacha irekodi mpaka mwisho. Kipande cha kwanza kinapita saa nzima. Ni duara lile lile, tarumbeta kama za mazishi, linajirudia na linakufa. Mara ya kwanza niliona ni utapeli, nikaizima dakika ya kumi.

Halafu akaja mzee mmoja wa Tengeru na kaseti. Nikamwamkia, akaitikia, akaitoa kwenye bahasha ya kaki. Kwaya ya kanisani kwao, 1984, dada yake ndo anaanzisha wimbo, na dada ameshafariki. Alitaka iingie kwenye simu ya mjukuu. Nikaifungua, tepu imeshikana, nikaigeuza kwa kalamu taratibu, nikasafisha hedi ya deki, kile kichwa kinachosoma tepu, kwa pamba na spiriti, nikaunga waya kwenye kompyuta nikamwambia mzee tuombe, hii inaweza isipige mara mbili. Ikapiga. Sauti ya dada ikatoka, nyembamba, wenzake wakaitikia, na kwenye wimbo wa tatu ikaanza kuzama, inapotea inarudi, inapotea tena. Nilivyotoa kaseti hedi ilikuwa imejaa unga wa kahawia, nikaufuta kwa kidole nikauangalia. Ndo sauti yenyewe ile, iko kwenye kidole changu. Usiku ule nilirudi kwa Basinski nikasikiliza saa yote bila kugusa simu.

Mzee sikumwambia habari za Basinski. Nilimwambia tu kazi imeisha, nimeshaihifadhi, na akasikiliza kwenye iafoni mpaka mwisho. Kisha akazivua akasema, "Kijana, na kwenye redio je, tuisikie mara moja tena?" Nikamweleza kwamba kila tukiipiga inapungua. Akasema anajua. Nikasafisha hedi, nikarudisha tepu mwanzo, nikaongeza sauti.