Lego Classic boksi la vipande 790: inafaa kwa familia? Na zilizotumika upeleke wapi

Haya mambo vipi ndugu zangu, karibuni tena kwenye chaneli. Leo nina hili boksi hapa, Lego Classic namba 10698, zile tofali ndogo za plastiki za kuunganisha, wengi mmeniuliza inbox kama linafaa kununua au ni hela imepotea, hasa nyie wenzangu mnaolea watoto huku Marekani ambako kila tangazo mtoto anataka kitu. Bei yake ni kama dola 60, ndani kuna vipande 790, rangi kibao, kuna madirisha, milango, matairi, hadi vipande vya macho.

Sasa nianze na kilichonifurahisha kuliko vyote. Hili boksi halikulazimishi ujenge kitu kimoja. Zile seti za ndege sijui za filamu, mtoto anafuata kitabu, anamaliza, anaweka kabatini, basi, hataki hata mdogo wake aguse. Hili unamwaga tu kwenye mkeka halafu kila mtu anahangaika na akili yake. Mwanangu wa katikati alitaka kujenga bajaji, na matairi ya Lego yanakaa mawili mawili, kushoto na kulia, sasa bajaji ina tairi moja mbele utafanyaje? Alikaa pale akageuza, akatoa, akarudisha, mwisho akachomoa tairi moja la mbele, akasogeza kile kipande pembeni hadi lile lililobaki likaja katikati, kisha akafunika kwa juu na kipande bapa isionekane. Baba yake alitaka kumsaidia nikamwambia mwache, mwache kwanza afikiri. Ile sura yake bajaji ilipokaa sawa, jamani!

Na bibi yao alipokuja kututembelea kutoka Tanga naye akakaa mkekani. Akawajengea jiko la mafiga, matatu yale, na sufuria juu. Watoto wangu wamezaliwa huku, mafiga hawajawahi kuyaona, wanajua jiko la kubonyeza tu. Wakaweka vipande vyekundu na vya machungwa katikati kuwa moto, wakajaza, bibi akamwambia wa kiume, mume wangu we, toa kuni hizo, moto huo mkubwa wali utaungua. Akatoa kimoja kimoja, bibi anaangalia, haya, hapo hapo, sasa funika. Wakaanza kumuuliza kuni mnatoa wapi, nani anaenda kuzitafuta, mvua ikinyesha mnapikaje, na bibi anajibu huku anajenga. Ndo nawaambia, hiyo dola 60 mimi naihesabia hapo.

Kama hamjui muanzie wapi, kuna mchezo mmoja wa bata, mpe kila mtu vipande sita vile vile na dakika moja, jengeni bata. Hamtapata bata wawili wanaofanana, na sio maajabu, ukichukua tofali sita tu za rangi moja, zile zenye vinundu nane juu, namna za kuziunganisha ni zaidi ya milioni 915. Yaani baba, mama, shangazi, mtoto wa miaka 5, wote mko sawa hapo.

Mapungufu yapo. Hakuna vile vidoli vya watu humo ndani, kwa hiyo mtoto aliyezoea seti za watu atauliza watu wako wapi, wangu wanajenga watu wenyewe kwa vile vya macho. Vipande vingi ni vidogo pia, ukitaka kujenga nyumba kubwa vitaisha haraka. Na boksi limeandikwa miaka 4 kwenda juu, nawaomba sana mliheshimu hilo, mtoto anayeweka kila kitu mdomoni mnunulie Duplo, zile kubwa, na uzuri wake ni kwamba akikua zinashikana na hizi ndogo.

Sasa hili la pili ndo limenifanya niwashe kamera. Watoto wakikua msizitupe, jamani msizitupe! Tofali hizi patenti yake ni ya mwaka 1958 kule Denmark, na tofali la mwaka huo linashikana na la leo. Plastiki yake ni ngumu, haiishi, ukiipeleka jalalani itakaa huko wakati kuna mtoto angeichezea miaka mingine mingi. Huku Marekani kampuni yenyewe ina mpango unaitwa Lego Replay, ulianza 2019, baadaye ukaingia na Kanada. Unachukua boksi lolote la karatasi gumu, unajaza, unaingia kwenye tovuti yao unaprinti lebo, usafirishaji bure, zinafika zinachambuliwa, zinasafishwa, zinapelekwa kwa watoto. Hata zikiwa zimechanganyika wanapokea, ila wasiwekewe midoli ya kampuni nyingine humo.

Mimi za kwetu nyingine zinaenda Tanga na mtu anayesafiri, kwa watoto wa ndugu, na hapo kuosha ni kazi yako. Maji ya vuguvugu yasizidi nyuzi 40 za Selsiasi, sabuni kidogo ya vyombo, unaosha kwa mkono, unaanika kwenye taulo zikauke kwa hewa. Usiweke kwenye mashine ya kufulia wala usikaushe kwa mashine ya nywele, joto linazipinda na zikipinda hazishikani tena. Zenye betri weka pembeni, hizo futa tu. Halafu kaa na wanao mkizipanga, zilizovunjika au zilizotafunwa toa, hakikisha matairi yana pini zake, maana mtoto ukimpa matairi bila kipande cha kuyashikia umempa nini?

Wangu niliwaacha wachague wenyewe zipi ziende. Yule wa bajaji alitoa matairi mengi tu, akauliza kama huko Tanga kuna mtu atajua kuweka moja mbele, nikamwambia huko bajaji wanaziona kila siku, akaniambia basi niwape na hivi vipande bapa vya kufunikia.

Walioko Uingereza na mliowahi kutuma nyumbani kwa njia nyingine niandikieni hapo chini mlifanyaje, hasa upande wa uzito wa mzigo, nitazisoma zote.