Injini ya ndege ya modeli iliyolegea: fundi wa mashine za boti wa Likoni

Kwa ndugu zangu wa Mombasa mnaorusha ndege za modeli kwa injini za methanoli: fundi tuliyekuwa tukimtafuta yuko ng'ambo ya Likoni, na kazi yake ya kila siku ni mashine za boti za wavuvi. Nilimpelekea injini iliyokosa kompresheni (mbano wa hewa ndani ya silinda) kabisa, akanirudishia ina nguvu, kwa shilingi 1,200. Mwenyewe hapendi jina lake liandikwe mitandaoni na mimi nitaliheshimu hilo. Mahali pake nitawaelekeza mwishoni.

Injini ni O.S. 46LA, ya Japani, ya 7.5 cc. Ile 46 ni inchi 0.46 za ujazo, ndivyo injini hizi zinavyopimwa tangu zamani. Mimi naifunga kwenye ndege ya nyaya, ile unayosimama katikati ya uwanja na kishikio mkononi, nayo inakuzunguka ikiwa imeshikwa na nyaya mbili nyembamba za chuma, mita 18 hivi. Kwa Mombasa hii iliyojaa nyumba, ndege ya nyaya ndiyo inayotufaa: uwanja wa mpira wa shule unatosha, na si rahisi imtoroke mtu ikaenda kuangukia kibanda cha jirani. Wanafunzi wangu wa klabu ya sayansi wanaipenda kuliko somo lolote ninalowafundisha darasani.

Niliinunua kwa mtu wa Nairobi ambaye aliiweka kabatini miaka na mafuta ya mbarika, yale ya kulainisha yanayochanganywa na methanoli, yamekaukia ndani. Kiwanda hakina kosa hapo. Tena naisifu injini hii kwa sisi wa pwani, kwa sababu haina beringi za gololi. Krenki yake inazunguka kwenye bushi, yaani kibomba kilaini kisicho na gololi. Methanoli hunyonya unyevu wa hewani, na ukiiacha injini bila kuipaka mafuta baada ya kuruka, gololi huanza kutu. Kwa hewa yetu ya chumvi ni balaa zaidi. Bushi haina shida hiyo, japo shafti yenyewe ni chuma na inataka kutunzwa.

Ugonjwa ulikuwa huu. Injini nzima ya namna hii, ukilizungusha pangaboi polepole kwa kidole, pistoni ikifika juu unahisi inagoma, inakurudisha nyuma. Yangu ilipita tu ikitoa sauti ya upepo, psss, kama mpira wa baiskeli uliotobolewa na mwiba. Plagi inawaka nyekundu vizuri, mafuta yanafika, lakini inapiga mara mbili na kunyamaza. Duka moja mjini waliitazama kwa macho tu, wakasema pistoni imekwisha, tafuta injini nyingine. Hawakuizungusha hata mara moja. Hilo ndilo lililoniudhi, kwa sababu kompresheni ikipotea, swali la kwanza ni upepo unatokea wapi, na swali hilo lina majibu zaidi ya moja.

Fundi wa Likoni alianzia hapo hapo. Hakugusa spana. Aliifunga injini kwenye kipande cha ubao, akainamisha sikio, akalizungusha pangaboi taratibu. Akaniambia, "Bi Mwalimu, hebu tusikize kwanza." Nikamwambia, "Haya, ami." Kijana wake akazima redio.

Akachukua brashi ndogo ya rangi na povu la sabuni, akapaka kuzunguka shina la plagi na pale hedi (kifuniko cha juu) inapokutana na silinda. Akazungusha tena. Mapovu yakatoka sehemu mbili: machache kwenye plagi, mengi upande mmoja wa hedi, ule wa ekzosi. Plagi aliitoa, akanionyesha kwa kioo chake cha kukuzia: ile washa (kipete cha kuzibia) ya shaba chini yake ilikuwa imesagika ikawa bapa na ngumu, haiwezi kuziba tena. Akaweka mpya, akapima. Upepo ukapungua lakini haukuisha.

Halafu akafanya kipimo ambacho nawasihi mkijue, kwa sababu hakihitaji kifaa chochote. Alidondosha matone mawili ya mafuta ya injini kupitia tundu la plagi, akairudisha plagi, akazungusha mara kadhaa mafuta yasambae ukutani, kisha akapima tena kwa kidole. Kama kompresheni ingerudi kwa nguvu, maana yake upepo unapita kati ya pistoni na slivu (bomba la ndani ya silinda ambamo pistoni hupanda na kushuka), na mafuta yameziba kwa muda. Hiyo ni injini iliyochakaa. Yangu haikubadilika sana. Kwa hiyo uvujaji ulikuwa juu, kwenye hedi, na pistoni ilikuwa bado ina uhai. Kazi yote hiyo ilichukua muda wa kunywa kikombe cha kahawa, na ilitosha kukanusha hukumu ya lile duka.

Kabla ya kufungua akaniuliza swali lililonifanya nimwamini: "Slivu yake ni chuma au shaba?" Nikamjibu ni shaba iliyopakwa nikeli, na pistoni ni aluminiamu bila ringi, zile pete za kuzibia upepo. Akalirudisha jiwe la kusugulia silinda kwenye rafu.

Tuseme kidogo juu ya hili, maana mafundi wengi wa pikipiki wangeiua injini hapa. Kwenye mashine ya boti, silinda ikichakaa inasuguliwa, inatiwa pistoni kubwa kidogo na ringi mpya. Injini zetu ndogo nyingi hazina ringi. Tundu la slivu limechongwa likawa jembamba kidogo upande wa juu, na slivu ikiwa baridi inaibana pistoni pale juu, unasikia hata kijimlio. Joto likipanda, shaba hutanuka kuliko ile aluminiamu yenye silikoni nyingi, na ndipo vinapokaa sawa. Nikeli iliyopakwa ni nyembamba mno. Pitisha msasa mle ndani mara moja tu na kile kibano cha juu kimekwenda, hakirudi. Kwa hiyo mkimpelekea fundi yeyote, mwambieni slivu ni ya namna gani kabla hajainua mkono.

Hedi ilipofunguka, skrubu mbili za upande wa ekzosi zilitoka kwa vidole. Gaskiti, ile pete nyembamba ya kuziba kati ya hedi na silinda, ilikuwa na mstari mweusi wa masizi unaokatiza kutoka ndani hadi nje, upana wa njiti ya kiberiti. Upepo ulikuwa umejichimbia njia yake. Alipoinyanyua ikakatika. Gaskiti ya asili haipatikani Mombasa, nilikwisha kuuliza kote. Fundi akakata kopo la soda kwa mkasi, akalipitisha kwenye maikromita: milimita 0.1. Akalinganisha na kipande cha ile ya zamani, akaridhika. Akachora duara kwa bikari, akakata, akalaza kwenye kioo na kusugua kingo kwa msasa namba 1000 unaololeshwa maji, mpaka hakuna kinyama cha bati kinachosimama. Aliigeuza mbele ya taa mara kadhaa kabla ya kuikubali. Mimi bado nimeagiza gaskiti ya kiwandani na ikifika nitaiweka, kwa kuwa unene wa gaskiti ndio unaoamua kompresheni ni kiasi gani, na hilo sitaki kuliachia kopo la soda daima. Lakini kwa sasa inashika.

Jambo la pili alilolikuta ni lile gamba la kahawia la mafuta ya mbarika yaliyoungua, limeganda juu ya pistoni na sehemu ya juu ya slivu. Gamba hili linadanganya. Kwenye injini nyingine linaifanya iwe nzito ukadhani ina kompresheni nzuri. Kwenye nyingine linazuia pistoni isikae vizuri. Kisu hakiguswi hapa. Alipasha moto kasha la injini kwa hita ya upepo, aluminiamu ikatanuka, slivu ikateleza ikatoka yenyewe. Akaitumbukiza pamoja na pistoni kwenye kulanti ya rejeta (maji ya kupozea injini ya gari) yenye glikoli hasa, si yale maji ya rangi ya kijani yanayouzwa barabarani, akaiacha kwenye moto mdogo nje ya kibanda bila kuichemsha mpaka itokote. Sufuria ameiandika SUMU kwa rangi nyekundu na anaifungia kabatini. Tafadhali nanyi fanyeni hivyo, maana glikoli ina utamu na mtoto au paka akiionja ni hatari ya kweli. Gamba lilitoka kwa kitambaa na kijiti cha mwanzi. Chini yake nikeli ilikuwa nzima, inang'aa, haijabanduka popote. Ingekuwa imebanduka, tungeishia hapo.

Kufunga alifunga kwa adabu: slivu ikarudi kwenye alama yake, skrubu zikakazwa kwa kuvukana, kidogo kidogo, raundi baada ya raundi, asikaze moja hadi mwisho akahamia ya pembeni. Kisha akanipa pangaboi nijaribu. Pistoni ilipofika juu iligoma, ikakirudisha kidole changu. Wallahi nilifurahi mbele za watu.

Hapo nami nilikuwa na la kuchangia. Sindano ya kabureta, ile inayopima mafuta yanayoingia, ilikuwa imepangwa Nairobi, zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, kwenye hewa nyepesi. Huku chini hewa ni nzito na injini inataka mafuta zaidi. Ukiiwasha na mpangilio wa bara inakimbia na mafuta machache, inapata joto kupita kiasi, pistoni inakwaruzika, na kompresheni uliyoilipia inapotea papo hapo. Nikaifungua sindano, tukaiwasha kwenye ubao na pangaboi la inchi 11, ikinguruma kwa sauti nene na moshi mweupe, ndipo nikaanza kuibana polepole.

Fundi alisisitiza tuizime ikiwa moto, tuondoe betri ya plagi, tupime kompresheni tena. Injini iliyochakaa mara nyingi inajisitiri ikiwa baridi na kuanikwa ikiwa na joto. Yangu ilishika. Ilipopoa akakaza skrubu za hedi mara ya pili, na kweli mojawapo ilikubali robo mzunguko. Tangu hapo imeruka na wanafunzi, ikipanda wima inabadilisha sauti na kuvuta inavyotakiwa.

Kilichonipa imani kamili ni injini ya pili. Mwenzangu wa Bamburi alileta yake, yenye ringi, aliyoirusha miaka ufukweni bila kichujio. Povu la sabuni halikuonyesha kitu. Matone ya mafuta yakairudisha kompresheni kwa mizunguko michache, kisha ikazama. Fundi akatazama kupitia tundu la ekzosi kwa tochi: mikwaruzo ya wima, ya mchanga, kuanzia juu hadi chini. Akamwambia, "Kaka, hii usinilipe. Tafuta slivu na pistoni yake pamoja, zinauzwa kwa jozi, ukizipata uje." Angeweza kumfungulia na kumla pesa, asingejua.

Yasiyonipendeza nayasema. Kibanda kiko karibu na maji na upepo wa kusi unaingiza mchanga mpaka mezani. Kwa mashine ya boti ya farasi 40 si neno, kwa injini ya 7.5 cc ni adui. Mimi nilikwenda na sinia safi na taulo, na hakuchukia. Hana spana ya kupimia mkazo, anakaza kwa mkono wenye uzoefu. Risiti haandiki. Na wavuvi wana haki ya kwanza: boti ikija na mashine imezima, injini yako inasubiri, hata kama ulifika asubuhi. Hilo nimelikubali, yule mtu ana familia ya kulisha kwa mashine ile.

Nampa nyota nne na nusu kwa tano. Ile nusu ni ya mchanga.

Kumpata: vuka na feri kwa miguu, ni bure, ukishuka Likoni waulize wavuvi au vijana wa boti fundi mzee wa mashine mwenye kabati la bluu, watakupeleka. Ijumaa anafunga kwa swala na mara nyingi harudi mpaka alasiri. Peleka injini ikiwa na pangaboi na plagi yake, tangi uwe umelimwaga, na washa mpya ya plagi uibebe wewe, kwa sababu plagi hizi ni za kipimo cha inchi, robo inchi kwa nyuzi 32 kila inchi, na za pikipiki haziingii.