Tahadhari: Muuzaji wa Mustang za 1967 "zilizokarabatiwa kwa matumizi ya kila siku"

Assalaamu alaykum ndugu zangu wa Unguja na Pemba, hasa nyinyi mnaopenda magari ya zamani ya Kimarekani.

Ninaandika kuwatahadharisha juu ya mtu mmoja hapa Unguja ambaye anauza Ford Mustang za mwaka 1967, akidai kwamba amezikarabati upya na kuzitia vifaa vya kisasa ili mwenye kununua azitumie kila siku bila ya wasiwasi. Mimi nilinunua kwake. Jina lake silitaji, kwa kuwa shauri nimelifikisha polisi na sitaki kulichafua kwa maneno ya barabarani, lakini mbinu yake nitaieleza kwa kirefu, maana kwa kadiri nilivyosikia kwa wenzangu wawili, haibadilishi. Anayeijua atamtambua hata kama atahamia gereji nyengine.

Gari hulionesha baada ya sala ya Magharibi. Mimi aliniita Fuoni saa moja usiku, nikalikuta tayari limewashwa na injini imeshapata moto, kwa hiyo sikupata kuliona likiwashwa likiwa baridi. Rangi ilikuwa nyekundu inayong'aa chini ya taa, viti vipya, na ule mngurumo wa silinda nane ambao kwa kweli ndio ulioninunulisha. Akanisomea orodha ya aliyoyafanya: breki za diski mbele, rejeta ya alumini kwa ajili ya joto letu, kiwasho cha kielektroniki badala ya pointi za kizamani za kukatia umeme wa cheche, na injini ya asili ya inchi za ujazo 289, yaani lita 4.7, iliyotoka na gari kiwandani. Nilipomwomba nimlete fundi wangu asubuhi, alisema kuna mteja mwengine anakuja na boti ya asubuhi kutoka Dar es Salaam, na kwamba akipokea malipo ya awali usiku uleule atanipa ahadi ya kiume. Bei ilikuwa shilingi milioni 31. Nilimpa milioni 20 kwa karatasi ya mkono isiyokuwa na shahidi hata mmoja, na zilizobaki nikamlipa siku gari lilipopakiwa kwenda Pemba. Nimeuziwa mbuzi kwenye gunia, na gunia nililifunga kwa mkono wangu mwenyewe.

Kwa wiki tatu nililiendesha baina ya Wete na Chake Chake, safari ya karibu kilomita 30. Usukani kuwa kushoto nililijua na nikalikubali, ingawa kulipita daladala katika kona za Pemba kunamtaka mtu awe na subira au awe na abiria mwenye macho mazuri. Wiki ya nne, nikiteremka mlima kurudi Wete wakati wa msimu, karafuu zimeanikwa kwenye majamvi ukingoni mwa barabara, nilikanyaga breki na pedali ikashuka mpaka chini bila ya kukamata chochote. Magurudumu yote manne, si mbele wala nyuma. Nilishusha gia mpaka ya kwanza, nikakwepa majamvi na mzee aliyekuwa akizigeuza karafuu, nikaliegemeza gari kwenye kingo ya udongo upande wa pili. Hakuumia mtu, alhamdulillahi. Madigadi ya kulia ilibonyea, na hapo ilipobonyea rangi ikabanduka, na chini ya rangi hapakuwa na chuma bali puti nyeupe yenye unene wa kidole.

Fundi wangu wa Wete alipolipandisha gari juu ya jeki, la kwanza alilofanya ni kubandua wilikapu, yale masahani ya kumeremeta yanayofunika rimu. Chini yake palikuwa na nati nne. Aliniuliza kama najua maana yake, na sikujua. Mustang za miaka ile zilizotoka kiwandani na injini ya silinda sita zilifungwa rimu za nati nne, na zilizotoka na silinda nane zilifungwa rimu za nati tano. Tofauti hiyo si ya nati pekee: gari la silinda sita lilipewa breki ndogo za dramu za inchi 9 badala ya 10, pamoja na difu, yaani gia za ekseli ya nyuma, nyepesi isiyokusudiwa kubeba nguvu za silinda nane. Wilikapu zinaificha tofauti yote hiyo, nami sasa naamini kwamba ndiyo sababu gari lililosifiwa kwa kila kifaa cha kisasa lilikuwa na wilikapu za kizamani. Breki za diski nilizoahidiwa hazikuwepo. Zilikuwa dramu zilezile ndogo, zenye viatu vilivyokwisha.

Lakini breki ndogo peke yake zisingepotea zote kwa mara moja. Mwaka 1967 ndio mwaka ambao Mustang zilianza kutoka na masta silinda, yaani pampu kuu inayosukuma mafuta ya breki, yenye vyumba viwili, kimoja cha breki za mbele na kimoja cha nyuma, ili upande mmoja ukivuja mwengine ubaki. Gari langu lilikuwa na masta silinda ya chumba kimoja, ya mfano wa zile za miaka ya nyuma. Silinda ya gurudumu la nyuma ilipopasuka, mafuta yote ya breki yakatoka njia moja. Mtu aliiondoa, au aliikuta imeshaondolewa na akaona si neno, kinga ambayo kiwanda chenyewe kilikuwa kimeshaiweka. Katika yote aliyonifanyia hili ndilo ninaloshindwa kulisamehe, kwa sababu nilikuwa nimemwahidi mwanangu kumpeleka skuli kwa gari hilo.

Baadaye tukazitazama namba. Namba ya chesisi ya Mustang ya 1967 inasomeka kwa urahisi ukishaelekezwa. Tarakimu ya kwanza, 7, ni mwaka. Herufi inayofuata ni kiwanda: F ni Dearborn, R ni San Jose, T ni Metuchen. Tarakimu mbili zinazofuata ni aina ya bodi, 01 ikiwa ni ile ya kawaida ya paa gumu na 02 ni ile ya mgongo ulioteremka. Kisha inakuja herufi ya injini, nayo ndiyo ya kuitolea macho: T ni silinda sita, C na A ni 289 za kawaida, K ni 289 yenye nguvu zaidi, na S ni 390. Kibati kilichopigwa ribiti kwenye ukingo wa mlango wa dereva kilisema 7R01C, na kadi niliyopewa ilifuata kibati hicho. Tulipofungua boneti na kukwangua rangi juu ya bati la ndani la madigadi ya kushoto, pale ambapo kiwanda hugonga namba kwenye chuma chenyewe, tulikuta 7R01T, na namba zinazofuata nazo hazikufanana na za mlangoni. Kibati kilikuwa cha gari jengine au kilichongwa makusudi. Ribiti zake zilikuwa mpya na zinang'aa kuliko mlango.

Na injini? Ubavuni mwa bloku, karibu na stata, palikuwa na namba ya kumiminia, ile inayotokea chuma kinapomiminwa kiwandani, inayoanza na D8. Kwa Ford, herufi C ni miaka ya 1960 na D ni miaka ya 1970, na tarakimu inayofuata ni mwaka, kwa hiyo bloku hiyo ilibuniwa 1978. Ni 302, lita 4.9, si 289. Niseme kwa haki kwamba 302 si injini mbaya hata kidogo, na mtu anayetaka gari la kwendea kazini huenda akaipendelea, kwa kuwa vipuri vyake ni vingi. Angeniambia ni 302, pengine ningeichukua kwa furaha na kwa bei yake. Ila mtu anayetia silinda nane kwenye gari la silinda sita analazimika kubadilisha pia breki, difu, springi za mbele na rejeta, na huyu alibadilisha kile kinachosikika tu. Rejeta "ya alumini" niliikwangua kwa ufunguo na rangi ya fedha ikatoka, ikabaki shaba. Ndani ya kifuniko cha distribyuta mlikuwa na pointi, zimeungua.

Kutu sikuieleza bado. Mustang za wakati ule zina ugonjwa unaojulikana: chini ya kioo cha mbele pana nafasi ya kuingiza hewa, na ikioza maji huteremkia ndani mpaka sakafuni, penye miguu ya dereva. Kwa upepo wetu wa chumvi hakuna haja ya kueleza zaidi. Nilipoinua zulia nilikuta vipande vya bati la paa vimegandishwa kwa ribiti na kupakwa lami juu na chini. Laiti ningebeba sumaku ndogo mfukoni na ndoo moja ya maji ya kumwagia pale chini ya kioo, ningejua yote hayo kwa dakika tano.

Nilimpigia simu. Kwanza alicheka na kuniambia gari kuukuu ndivyo lilivyo. Nilipomtajia herufi T alinyamaza, kisha akasema atanitumia breki za diski na difu ya nati tano nikimtumia milioni 4 za kuagizia. Nawasihi msimpe mtu huyu pesa ya pili ili atengeneze kosa la pesa ya kwanza. Mwenzangu mmoja alimpa, na hadi leo hajaona hata boksi. Tangu siku hiyo simu yangu haipokei.

Kwa hiyo mkionyeshwa gari la aina hii, litakeni mchana, injini ikiwa baridi, na fundi asiyejuana na muuzaji. Banduweni wilikapu zote nne. Hesabuni vyumba vya masta silinda. Linganisheni namba iliyogongwa chumani na ya mlangoni na ya kadi, kisha ipelekeni kadi halisi, si kivuli, kwenye ofisi ya usajili wa vyombo vya moto kabla ya kutoa hata shilingi. Akikataa mojawapo ya hayo, mwacheni na gari lake.

Gari langu limesimama chini ya mwembe hapa Wete, na picha za kibati, namba ya chumani na masta silinda ninazo kwa yeyote atakayezihitaji kulinganisha. Juzi kijana mmoja wa Chake, aliyekwisha kumlipa malipo ya awali kwa Mustang ya buluu, alikuja kuziangalia. Alirudi Unguja na boti ya siku iliyofuata, na usiku akanipigia simu: amebandua wilikapu moja tu, ya nyuma kushoto, na nati ni nne.