Bodi ya PowerPC: uliza FPU kwanza

Bodi yangu ya kwanza ya kompyuta ya PowerPC, familia ya prosesa tofauti na za Intel, ilikuwa na prosesa ya P1022. Iliwaka vizuri, madirisha yakafunguka chapuchapu. Nikacheza wimbo wa MP3. Wimbo ukashikwa na kwikwi: neno, kimya, nusu neno, kimya, kishale cha kipanya kimeganda. Nilibadilisha spika, nikaweka mfumo upya mara mbili, ndipo nikafungua mwongozo wa prosesa.

Kiini chake (sehemu inayotekeleza amri), e500v2, hakina FPU ya kawaida, yaani sehemu ya hesabu za desimali. Hesabu hizo hufanywa na SPE, kitengo maalum chenye amri zake na kinachotumia rejista (vihifadhi vya ndani) zilezile za namba nzima. Programu iliyotengenezwa kwa PowerPC nyingine, kama kicheza MP3 changu, ikitoa amri ya desimali, prosesa haiijui. Mfumo hulazimika kuiigiza, moja baada ya nyingine. Ukompaili upya, yaani uijenge programu tena kwa ajili ya SPE? GCC, programu inayofanya kazi hiyo, iliiondoa SPE kwenye toleo la 9, mwaka 2019. Muuzaji aliandika "viini viwili" tu. Nilipomlalamikia, akanijibu kwamba wenzangu wameridhika.

Kwa hiyo nikizipanga prosesa hapa, gigahezi (kasi yake) sizijadili, kila tangazo linazo.

Ya kwanza kwangu ni T2080, na sifichi kwamba naipendelea. Ina viini 4 vya e6500, kila kimoja na nyuzi mbili (kazi mbili kwa pamoja), FPU kamili, na juu yake AltiVec, sehemu ya kuchakata namba nyingi kwa amri moja, ambayo kwenye video na sauti unaiona waziwazi. Waitaliano wanaounda laptop huria ya PowerPC nao waliichagua. Haina sehemu ya picha, kwa hiyo kadi ya picha ni gharama nyingine.

Inafuata P5040, viini 4 vya e5500: FPU ipo, AltiVec hakuna. Mdogo wake P5020, mwenye viini viwili, ndiye aliye ndani ya kompyuta ya AmigaOne X5000. Kama unatumia AmigaOS 4, mfumo endeshi wa kompyuta hizo, pekee, huyo mdogo anakutosha, maana mfumo wenyewe unatumia kiini kimoja. Vingine vinakaa bure mpaka uwashe Linux.

P1022 iwe seva ya faili. Raspberry Pi 5 ni rahisi na ina kasi, ila ni ARM, familia nyingine ya prosesa, si PowerPC.

Kinachoniudhi ni bei. Hizi ni prosesa zilizobuniwa kwa vifaa vya mtandao, lakini bodi zikitengenezwa chache, muuzaji anakutoza kama anakuuzia kito, na jina la kiini hataki kuliandika. Mwandikie kabla hujalipa: e500v2, e5500 au e6500? Akikujibu kwa idadi ya viini, funga mkoba.