Programu ya kuigiza drafti ya NFL imenichagulia mpiga mateke raundi ya kwanza

Mpiga mateke jamani! Drafti ya NFL, ligi ya mpira wa Kimarekani, ndipo timu huchagua wachezaji wapya kwa zamu, raundi baada ya raundi, na raundi ya kwanza ndiyo ya thamani kuliko zote. Yule anayeingia uwanjani nusu dakika, anapiga mpira upite kati ya milingoti, anarudi kukaa. Najua timu ya Raiders walimchukua mpiga mateke Sebastian Janikowski raundi ya kwanza mwaka 2000, na akawachezea miaka mingi tu. Sawa. Lakini wao waliamua wenyewe. Mimi nimeamuliwa na simu.

Tuko wanne hapa Chicago. Kila mwaka, usiku mmoja kabla ya drafti yenyewe, tunakutana sebuleni kwa shemeji tunacheza kwa hii programu, kila mtu na timu yake. Anayeshika mkia ananunua mbuzi. Mimi ni Bears, timu ya hapa Chicago. Shemeji anachukua Packers, mahasimu wetu, na sidhani hata anawapenda, anataka kuniudhi tu.

Mpango wangu haubadiliki: nashuka, yaani natoa zamu yangu ya mapema kwa timu nyingine, nachukua ya nyuma kidogo pamoja na nyongeza. Kuna ile hesabu ya thamani ya kila zamu, ya Jimmy Johnson aliyekuwa kocha wa Dallas: zamu ya kwanza pointi 3000, ya 32 pointi 590. Ukimpata mwenye haraka, anakulipa kupita kiasi. Bears mwaka 2023 waliiuza zamu ya kwanza kwa Carolina, wakapewa mchezaji DJ Moore na zamu nne juu yake, mojawapo ya raundi ya kwanza ya mwaka uliofuata. Carolina wakashika mkia, ile zamu ikageuka kuwa ya kwanza kabisa, akachukuliwa Caleb Williams, kwotabeki, yule anayerusha mipira na kuongoza mashambulizi. Baada ya hapo nani ataniambia nipande?

Basi zamu yangu imefika, ofa iko mezani: nishuke nafasi chache, nipate na ya raundi ya pili. Nikabonyeza kukubali. Kiduara kikaanza kuzunguka. Sekunde 40. Nikabonyeza tena. Sekunde 25. Shemeji anachovya andazi kwenye chai, ananiangalia. "Shemeji, muda unakwisha." Kumi. Kiduara kinazunguka tu. Simu ikatetemeka: hongera, umemchagua mpiga mateke! Na vikaratasi vya rangi vikamwagika kwenye kioo kama harusini.

Walicheka mpaka mtoto akaamka.

Nikawaandikia huduma kwa wateja usiku uleule. Siku zikapita, wakajibu kwamba muda ukiisha mfumo humchagua "mchezaji bora aliyebaki", na kwamba labda intaneti yangu ni dhaifu. Intaneti yangu! Simu tatu za wenzangu zilikuwa kwenye intaneti hiyohiyo na hazikuganda. Na msinifundishe habari ya mchezaji bora aliyebaki. Mimi mwenyewe ni wa imani hiyo, kwamba usichague kwa njaa ya leo, chukua aliye bora hata kama nafasi yake unaye mtu. Lakini hata walokole wa imani hii hawamhesabu mpiga mateke! Tampa Bay walipanda mwaka 2016 wakamchukua mpiga mateke Roberto Aguayo raundi ya pili. Msimu mmoja tu, wakamtema.

Halafu barua yao ikaishia "endelea kufurahia". Nifurahie nini?

Ila nikiwa mkweli, kabla ya programu hii nilidhani drafti ni kumtafuta anayekimbia sana. Humu ndimo nilimoelewa kwa nini zamu ya 32 inagombewa kuliko ya 33: wa raundi ya kwanza, timu ina hiari ya kumshika mwaka wa tano, wengine mkataba ni wa miaka minne basi. Mwanangu ana miaka kumi na moja, anabishana na watu wazima kuhusu kwotabeki kwa sababu ya hii programu. Kwa hilo nilikuwa nimeshaweka nyota nne.

Nikaisoma tena ile barua yao. Nimeweka mbili. Moja ni ya mwanangu.

Hela ya programu sijarudishiwa. Mbuzi nimenunua, tumemla, alikuwa mzuri. Shemeji sasa ameniandika "Mpiga Mateke" kwenye simu yake, na jana dada yangu naye, tumbo moja kabisa, kanipigia ananiita hivyohivyo.